Hamo, Hana, Hajaandikwa: Juu ya Maneno ya Kiswahili ya Kuulizia Orodha za Wanachama

Kwa muda wa miaka ishirini na zaidi waundaji wa maneno ya Kiswahili wamejishughulisha sana na kompyuta, na kazi yao si ya kubezwa. Mradi wa Kilinux, uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa mwaka 2004 programu za ofisi zenye maelezo ya Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Na katika miaka iyo hiyo kampuni ya Microsoft nayo ilitayarishiwa orodha ya maneno kwa ajili ya programu zake. Tangu hapo tumepata kanzidata na hifadhidata, nywila na neno la siri, kompyuta na tarakilishi na ngamizi, na mabishano juu ya maneno hayo yamejaza kurasa nyingi. Walakini yatupasa kukiri kwamba karibu yote tuliyoyaunda ni majina. Tumewapa watu majina ya vitu, kisha tukaondoka. Hatukungoja tuyaone majina hayo yakiingia katika sentensi, wala hatukuuliza kama sentensi hizo zasema jambo lile lile ambalo mashine inalitenda.

Makala haya yana nia ya kuipima kazi hiyo mahali pamoja tu, yaani katika maneno yatumikayo kuulizia orodha za watu: nani ni mwanachama, wa kundi gani, na nani siye. Nimepachagua mahali hapo kwa sababu ndipo nilipoona neno likimtoa mtu katika haki yake.

Lugha inayotumika kuuliza orodha hizo huitwa SQL, na asili yake yafaa kufahamika kwa ufupi. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, alitoa makala akisema kwamba habari zote za daftari kubwa zaweza kuwekwa katika majedwali ya kawaida, yenye mistari na safu, na kuulizwa kwa kanuni za hesabu za seti. Mwaka 1974 wenzake wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitunga lugha ya kuulizia majedwali hayo, wakaiita SEQUEL. Jina hilo likafupishwa baadaye kwa kuwa lilikuwa tayari ni alama ya kampuni nyingine. Mwaka 1986 ilikubaliwa kuwa lugha sanifu huko Marekani, na mwaka uliofuata ikakubaliwa na shirika la kimataifa la viwango. Nia ya Chamberlin na Boyce ilikuwa kwamba mtu asiye mwanahisabati aweze kuuliza daftari kama anavyomwuliza karani. Kwa hiyo waliifanya ifanane na sentensi ya Kiingereza: SELECT majina FROM wanachama WHERE siku = 'Jumatano'. Lugha iliyovaa nguo za lugha ya watu haina budi kuhukumiwa kama lugha ya watu, na hasa inapotafsiriwa.

Walimu wengi wa Kiswahili cha kompyuta huisoma sentensi hiyo hivi: "Chagua majina kutoka wanachama ambapo siku ni Jumatano." Kila neno limetafsiriwa, na sentensi haisemi kitu. Neno la kwanza, chagua, lamfanya msikilizaji afikiri juu ya kupenda na kupendelea, kana kwamba mashine itawapigia wanachama kura. Karani wa Kiswahili haambiwi achague, huambiwa atoe: "Nitolee majina." Lakini kosa kubwa zaidi limo katika ambapo. Neno hilo ni rejeshi la mahali, na pengine la wakati. Hapa hapana mahali wala wakati, bali pana watu, nao wanasifiwa kwa jambo fulani. Kiingereza chaweza kutumia neno moja lisilobadilika kwa watu, vitabu na ng'ombe. Kiswahili hakikubali, kwa kuwa rejeshi letu hufuata ngeli ya jina linalosifiwa: wanachama walio wa Jumatano, vitabu vilivyo vya Jumatano, ng'ombe walio wa Jumatano. Twaweza pia kutumia kivumishi -enye, ambacho hukubaliana na ngeli zote na kukaa vizuri mbele ya jina la safu: wanachama wenye siku ya Jumatano. Mfasiri aliyeandika ambapo aliogopa upatanisho wa ngeli, akauondoa. Kumbe upatanisho huo ndio unaomwambia msomaji ni jedwali gani linalosemwa, jambo ambalo katika maswali marefu yenye majedwali matatu au manne huwapotosha hata mafundi.

Hayo ni makosa ya kukwaruza sikio tu. Yanayofuata ni ya namna nyingine.

Nilifika Makanyagio, kata ya mjini Mpanda katika Mkoa wa Katavi, kwa kazi isiyohusu kompyuta hata kidogo. Nilitaka kusikiliza matumizi ya viambishi vya mahali, po, ko na mo, katika Kiswahili cha watu ambao lugha za nyumbani kwao ni Kibende, Kikonongo, Kipimbwe, Kifipa, Kisukuma na Kiha. Mpanda ni mahali pazuri kwa kazi hiyo. Ni mwisho wa reli inayotoka Kaliua. Zamani za ukoloni palichimbwa risasi. Leo pana tumbaku, mpunga, mahindi na dhahabu, na watu wamekuja kutoka pande zote wakakutana katika Kiswahili. Hata jina la kata yenyewe, lenye asili ya kukanyaga, lampendeza mwanasarufi kwa kiambishi chake cha mwisho.

Kikundi kimoja cha kuweka na kukopa kilikuwa kimehamisha majina ya wanachama wake kutoka katika kaunta buku na kuyaweka katika huduma ya kompyuta za mbali, ile inayoitwa wingu. Neno hilo, nikitoka kidogo nje ya njia, silipendi. Mkulima wa tumbaku hutazama wingu kwa sababu yake mwenyewe, na halimilikiwi na mtu. Lakini wingu hili ni nyumba ya mashine, lina mwenyewe, lina kodi yake kila mwezi, na mara nyingi liko katika nchi nyingine. Jina zuri limefunika swali la nani anazo habari zetu. Turudi kwenye kikundi. Wanachama walikuwa wakikutana kwa mafungu mawili, wengine Jumatano na wengine Jumamosi, na kila mmoja alikuwa na kisanduku cha siku katika jedwali. Mwisho wa mwaka ulipofika, wa Jumatano wakalipwa gawio lao. Kisha katibu akamwambia kijana aliyesomea kompyuta: "Nitolee wasio wa Jumatano." Kijana akaandika WHERE siku <> 'Jumatano', maana yake siku isiyo sawa na Jumatano, na karatasi ikabandikwa mlangoni.

Siku ya Jumamosi nilikuwa nimeketi barazani na daftari langu la viambishi, akaja mama mmoja muuza mchele. Aliisoma karatasi mara mbili kwa kidole. Kisha akamwambia katibu, "Mwanangu, kwenye kitabu nimo, kwenye karatasi simo. Sasa mimi ni wa wapi?" Katibu akamwita kijana. Kijana akasema kwa heshima, "Mama, mashine haikosei." Mama akajibu, "Basi nimekosea mimi kujiunga."

Kwa kuwa alitamka nimo na simo katika pumzi moja, niliandika maneno yake kabla sijaelewa shida yake. Tulipohesabu tulikuta wanachama wote ni 116. Wa Jumatano 61, na wale wa karatasi ya mlangoni 48. Jumla 109. Watu saba hawakuwa wa Jumatano wala hawakuwa wasio wa Jumatano. Katika Kiswahili watu hao hawawezi kuwapo. Asiye wa Jumatano ni kila mtu ambaye huwezi kusema juu yake kwamba ni wa Jumatano, na rejeshi la kukanusha, asiye, hufunga mlango nyuma yake: upande huu wako walio, upande ule wako wasio, na katikati hapana ukumbi. Lakini wale saba walikuwa wameingia katikati ya mwaka, visanduku vyao vya siku vikaachwa wazi, nao walikuwa wamesimama katika ukumbi huo.

Hapa ndipo penye tofauti ya lugha mbili. Katika SQL kisanduku kilichoachwa wazi huitwa NULL, na hukumu za lugha hiyo ni tatu badala ya mbili: kweli, si kweli, na haijulikani. Ukiuliza kama kisanduku kitupu ni sawa na Jumatano, jibu ni haijulikani. Ukiuliza kama si sawa na Jumatano, jibu ni lile lile, haijulikani. Hata ukiuliza kama kitupu kimoja ni sawa na kitupu kingine, jibu halibadiliki; kwa hiyo imebidi kuwe na msemo maalumu wa kuuliza kama kisanduku ni kitupu, nao ni IS NULL. Na kanuni ya WHERE ni kwamba hutoka mistari ile tu ambayo hukumu yake ni kweli. Mistari isiyojulikana huachwa pamoja na ile isiyo kweli, bila ya kupigiwa mbiu.

Sitaki kumdhulumu Codd wala wafuasi wake. Yawezekana mama yule alikuwa wa Jumatano hasa, ila karani hakuandika. Basi mashine isemapo haijui, yasema kweli, na mtu mwenye kudai kwamba yeye si wa Jumatano amesema zaidi ya alichokijua. Kwa jambo hilo SQL ina unyofu kuliko makarani wetu wengi. Sote twajua desturi ya kuandika tarehe mosi Januari kwa mzee asiyeikumbuka siku yake ya kuzaliwa, au kuandika namba za simu zenye sufuri tupu. Hiyo ni kuficha kutojua kwa kuandika uongo. Lawama yangu iko kwingine. Karani mwema wa Kiswahili akiulizwa wasio wa Jumatano angejibu: "Hawa ndio, na hawa saba siwajui." SQL inafikiri kwa hukumu tatu lakini inajibu kwa hukumu mbili, inajua kwamba haijui, kisha inanyamaza. Tena hainyamazi kwa namna moja. Kanuni inayozuia habari mbovu zisiingie katika jedwali, iitwayo CHECK, hukataa tu lile ambalo si kweli, na lisilojulikana huliruhusu lipite. Lisilojulikana huruhusiwa kuingia na hukatazwa kutoka. Wale saba waliingia kwa mlango huo wa kwanza.

Tukijua hayo, na tuyatazame maneno yaliyowekwa kutafsiri NULL. Wako waandikao batili. Neno hilo ni la mahakama na la dini. Ndoa batili, hati batili, ni jambo lililofanywa likatanguliwa. Ukimwambia mwanachama kwamba siku yake ni batili umemwambia kwamba alikuwa na siku ikafutwa. Wako waandikao sifuri, na hilo ni kosa la wazi, kwa kuwa sifuri ni hesabu: mwenye akiba ya sifuri anajulikana kwamba hana kitu, bali mwenye akiba isiyoandikwa huenda ana shilingi milioni. Neno tupu ni afadhali, lakini lasema habari za kisanduku tu, halisemi habari za mtu. Nalo huchanganyika na neno lenye herufi sifuri, maana mafundi hutofautisha kisanduku kisichoandikwa na kisanduku kilichoandikwa maandishi yasiyo na herufi hata moja, na vyote viwili kwa macho yetu ni vitupu.

Nadhani kosa limeanza pale tulipotafuta jina. Kutokuwapo kwa habari, katika Kiswahili, husemwa kwa kitenzi, na vitenzi vyetu ni vikali katika jambo hili kuliko Kiingereza. Twasema halipi, hakulipa, hajalipa. Na hajalipa si sawa na hakulipa, kwa sababu kiambishi -ja- chashuhudia kwamba jambo linangojewa. Mama muuza mchele alikuwa hajaandikiwa siku. Lakini katika jedwali lile lile palikuwa na safu ya namba ya mkopo, na wengi visanduku vyao vilikuwa vitupu kwa sababu hawana mkopo na hawakuomba. Kwao hapana kinachongojewa. Mashine iliviandika visanduku vyote hivyo kwa alama moja. Kiswahili kingeviandika kwa vitenzi viwili: hajaandikiwa, na hana.

Na jambo la kufurahisha ni kwamba Codd mwenyewe alifika hapo hapo baada ya miaka ishirini. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alipendekeza alama ya NULL igawanywe mbili, moja kwa habari inayostahili kuwapo lakini imekosekana, na nyingine kwa habari isiyostahili kuwapo kwa mtu huyo. Na hukumu za kweli zikawa nne. Watengenezaji wa programu hawakumfuata, wakisema kwamba hukumu tatu zinatosha kuwasumbua watu. Huenda wana haki kwa upande wa mashine. Lakini mfasiri wa Kiswahili hakatazwi na mashine yoyote kusema hajaandikiwa pale panapopasa, na hana pale panapopasa. Naye akilazimisha neno moja kwa yote mawili, ameitupa tofauti ambayo watoto wetu huijua kabla ya kwenda shule, ili afanane na lugha ambayo mwasisi wa elimu yenyewe aliiona ina upungufu.

Sasa niyarudie maneno ya mama, nimo na simo. Uanachama katika Kiswahili husemwa kwa mo, kiambishi cha ndani, na SQL nayo ina neno lake la ndani, IN. Tafsiri yake ni nyepesi: namba imo katika orodha, namba haimo katika orodha. Vitabu vya mafunzo huishia hapo, na mwanafunzi huambiwa kwamba "haimo katika" ni sawa na kusema "hakuna mstari wenye namba hiyo". Mzungumzaji wa Kiswahili atakubali mara moja, kwa kuwa kwake hamo na hakuna hufika nyumba moja kwa njia mbili. Katika SQL hazifiki nyumba moja.

Tuseme katibu anataka majina ya wanachama ambao hawajalipa ada. Ana jedwali la malipo, na kila mstari wa malipo una namba ya aliyelipa, ila stakabadhi moja ilisahauliwa namba. Akiuliza kwa NOT IN, yaani wanachama ambao namba zao hazimo katika namba za waliolipa, mashine humshika mwanachama wa 14 na kupima: je, 14 ni tofauti na 3? Ndiyo. Ni tofauti na 9? Ndiyo. Ni tofauti na kisanduku kitupu? Haijulikani. Basi haiwezi kuapa kwamba 14 haimo. Hupima hivyo hivyo kwa wa 15 na wa 16, mpaka wa mwisho. Aliyelipa hatoki kwa sababu amelipa; asiyelipa hatoki kwa sababu huenda ile stakabadhi ni yake. Jibu ni karatasi nyeupe, na karatasi nyeupe husomwa na katibu kwamba watu wote wamelipa. Stakabadhi moja isiyo na namba imefuta deni la kikundi kizima. Akiuliza kwa NOT EXISTS, yaani wanachama ambao hakuna mstari wa malipo wenye namba zao, majina yatatoka yote, pamoja na jina la mwenye stakabadhi ile iliyosahauliwa.

Kwa hiyo napendekeza, na hapa nasema kama mwanasarufi na si fundi, kwamba tafsiri ifuate viambishi vyetu bila kuvichanganya: IN itafsiriwe kwa -mo, na NOT IN kwa hamo au haimo, EXISTS itafsiriwe kwa kuna, na NOT EXISTS kwa hakuna. Mwalimu atakapofundisha tofauti ya matokeo, atakuwa na vitenzi viwili vya kuitundikia. Kosa la kuyafasiri yote mawili kwa "haipo" nimeliona mara nyingi, hata katika kazi za wanafunzi wangu mwenyewe.

Uzito wa jambo hili hauishii katika vikundi vya akiba. Katika huduma za wingu zinazotumiwa na kampuni na ofisi, haki ya kufungua mlango fulani kwa kawaida haipewi mtu mmoja mmoja. Hupewa kundi, na mtu huipata kwa kuwa mwanachama wa kundi hilo. Leo ziko programu, kama Steampipe iliyotolewa mwaka 2021, zinazomwezesha mlinzi wa huduma hizo kuziuliza kwa SQL kana kwamba ni majedwali ya kawaida: ni watumiaji gani wamo katika kundi la wasimamizi, na ni wapi hawamo katika kundi lolote. Mtu aliyeacha kazi mwaka jana na jina lake lingali limo katika kundi la wasimamizi ni mtu mwenye ufunguo wa nyumba aliyohama. Mlinzi akiuliza swali lililo na kitupu kimoja ndani yake, akaletewa karatasi nyeupe, atalala usingizi mzuri.

Katika mpango huo majedwali ni matatu: la watu, la makundi, na la tatu lenye kuwafunga watu na makundi, kila mstari ukiwa na namba ya mtu na namba ya kundi. Jedwali hili la tatu limewatesa wafasiri. Wengine wameliita wanachama, na hivyo kulichanganya na la kwanza. Wengine wameliita muunganisho, jina lisilosema linaunganisha nini. Na ngeli ya U- ipo, imekaa bure, nayo imeumbwa kwa kazi hiyo hasa: uanachama. Mtu mmoja aweza kuwa na uanachama mara tano katika makundi matano, na akifutiwa mmoja bado yupo katika jedwali la watu. Kufuta uanachama si kufuta mtu. Ndivyo mama yule alivyodhani kuwa amefutwa, kumbe hakuna kilichofutwa.

Neno kuunganisha nalo limebebeshwa mizigo mitatu. Hutumika kwa kuifungamanisha kompyuta na mtandao. Hutumika kwa JOIN, yaani kuweka mstari wa jedwali moja ubavuni mwa mstari wa jedwali jingine unaolingana nao. Na hutumika kwa UNION, yaani kumimina orodha mbili zikawa orodha moja ndefu. La kwanza na libaki nalo. La pili lafaa liitwe kuoanisha, kwa kuwa mstari hutafutiwa mwenzi wake, na asiye na mwenzi huachwa, isipokuwa umeomba abaki. La tatu ni muungano, neno ambalo Mtanzania hahitaji kufundishwa. Juu ya ugomvi wa kanzidata na hifadhidata sina la kuongeza. Yote mawili yanaeleweka, na atakayetumia mojawapo hatanyimwa gawio.

Safu lakini ni jambo jingine. Wengine huitumia kwa mistari ya kulala, wengine kwa ile ya kusimama, na wengine husema safu mlalo na safu wima. Katika maongezi ya kazi hakuna mwenye subira ya kusema maneno mawili kila mara. Huangusha la pili, na waliosikia hubaki kila mmoja na safu yake. Makarani wa Makanyagio walisema mstari kwa ile ya kulala na safu kwa ile ya kusimama, wala sikuona sababu ya kuwasahihisha.

Najua pingamizi itakayotolewa. Itasemwa kwamba maneno ya SQL yatabaki ya Kiingereza duniani kote, kama vile istilahi nyingi za muziki zilivyobaki za Kitaliano, na kwamba kazi hii ni ya bure. Siombi mashine ijifunze Kiswahili. Lakini swali huzaliwa kinywani mwa katibu kabla ya kufika mikononi mwa kijana, nalo huzaliwa kwa Kiswahili. Na jibu likitoka hurudi kwa mama kwa Kiswahili. Kiingereza kipo katikati tu, kama kivuko. Tena tangu tarehe 1 Mei 2023, ilipoanza kutumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, mtu ana haki ya kuuliza ni habari gani zake zimewekwa na kudai zisahihishwe. Muuza mchele akiuliza hayo, atajibiwaje? Akiambiwa "siku yako ni batili" atakwenda kwa wakili. Akiambiwa "hujaandikiwa siku" atasema "niandikieni," na shauri limekwisha.

Yule kijana, kwa haki yake, alielewa upesi kuliko nilivyotazamia. Aliandika swali upya, akaongeza OR siku IS NULL, na wale saba wakalipwa jioni ile ile. Kisha katibu akaagiza kwamba kuanzia sasa kisanduku cha siku kisiachwe wazi: asiyepangiwa aandikwe "hajapangiwa". Nilimwambia ni Kiswahili safi, ila sasa mashine itaihesabu hajapangiwa kuwa ni siku ya nane ya juma. Tukacheka, lakini ni kweli, na akitaka kujua siku ngapi kikundi hukutana ataambiwa tatu.

Jambo moja halikumalizwa nilipoondoka. Mwanachama mmoja mzee alikuwa amefariki mwezi wa sita, na akiba yake inangoja warithi. Katibu alimwandika katika safu ya siku "hayupo". Kijana akauliza kama hayupo huyu amesafiri au amekufa, kwa kuwa wako wawili waliokwenda machimboni na wameandikwa vivyo hivyo. Katibu akasema aliyesafiri aandikwe hayuko. Mama mmoja wa Kifipa akakataa, akasema kwao wote wawili ni hayuko. Nikafungua tena daftari langu la viambishi.